Shafti ya Weji: Namna ya Kuchagua Ugumu Unaokufaa

Muulize mchezaji wa gofu shafti (mpini) ya draiva yake, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, ina ugumu gani, atakujibu papo hapo, na huenda akakutajia hata gramu zake. Muulize habari za weji, fimbo fupi ya mipigo ya karibu, atachomoa fimbo kwenye begi aisome lebo. Lebo yenyewe mara nyingi imeandikwa "Wedge" tu, neno ambalo halimwambii kitu. Weji huchaguliwa kwa lofti, yaani mwinamo wa uso wake, na kwa sura ya kichwa, shafti hupokelewa ile iliyokuja nayo. Matokeo yake ni kwamba fimbo unayoitegemea kuliko zote ndani ya yadi 100 ndiyo isiyofanana na nyingine begini.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwenye weji, uzito wa shafti huamua mengi kuliko herufi ya ugumu. Ugumu una nafasi yake na tutaufikia, ila anayeanza na herufi kabla ya gramu atazunguka sana na kurudi palepale.

Shafti inafanya kazi gani kwenye fimbo fupi

Unapoanza kushusha fimbo, kichwa hubaki nyuma na shafti hupinda. Ikikaribia mpira hujinyoosha, kisha hupinda mbele kidogo. Huko kupinda mbele huongeza lofti wakati wa kugonga, ndiyo maana shafti laini huelekea kuinua mpira na shafti ngumu kuushusha. Kwenye draiva, yenye urefu wa inchi 45 hivi na inayozungushwa kwa nguvu zote, jambo hilo huonekana wazi. Weji ina inchi 35 na ushei, kichwa chake kina karibu gramu 300, na nusu ya mipigo yake hata haifiki swingi kamili, yaani mzungusho mzima wa fimbo. Shafti fupi ni ngumu kupindika, na swingi ndogo haina nguvu ya kuipinda.

Kwa hiyo usitegemee shafti ikufanyie miujiza ya urefu wa mpira hewani. Usiitegemee pia kwa spini, ule mzunguko wa kurudi nyuma unaoufanya mpira usimame kwenye grini, eneo la majani mafupi lenye shimo. Spini hutoka kwenye mifereji ya uso wa fimbo, ganda la mpira, pembe unayoingia nayo, na kama kati ya uso na mpira hakuna majani wala maji. R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu, walipotaka kupunguza spini ya mipigo kutoka majani marefu, kanuni iliyoanza kutumika kwenye mashindano makubwa mwaka 2010 iligusa mifereji. Shafti hawakuigusa. Mtu anayenunua shafti laini ili mpira urudi nyuma angefaidika zaidi kwa kubadilisha weji iliyochakaa uso.

Kinachobaki ni kikubwa vilevile: hisia ya kichwa kiko wapi, mwendo wa swingi, na uwezo wa kurudia umbali uleule. Kwenye mpigo wa yadi 60, hayo ndiyo yote.

Hatua ya kwanza: soma begi lako

Toa ayani zote (fimbo za chuma zenye namba) na weji zote, zilaze chini kwa mpangilio. Kwenye kila shafti, chini kidogo ya gripu (sehemu ya kushikia), kuna lebo. Andika jina la shafti, herufi ya ugumu, na uzito kama umetajwa. Usipotajwa, jina la shafti pamoja na namba yake hutosha kukuwezesha kuutafuta kwa mtengenezaji.

Sasa linganisha ayani ya 9 na weji yako ya mchanga. Hapa wengi hushtuka. Ayani nyingi za siku hizi huuzwa na shafti nyepesi, ama za chuma za gramu 85 hadi 105, ama za grafaiti za gramu 60 na kitu. Weji zinazouzwa mojamoja, kwa upande mwingine, kwa kawaida huja na shafti nzito ya chuma, kama Dynamic Gold S200 ambayo ina takriban gramu 129 kabla ya kukatwa. Mchezaji mwenye ayani za grafaiti ya gramu 65 akinunua weji hiyo, anaruka zaidi ya gramu 60 kutoka fimbo moja kwenda inayofuata. Akishika ayani ya 9 mwendo wake ni mmoja, akishika weji mwendo unabadilika bila yeye kujua, kisha analaumu mikono.

Pichingi weji, ile ya digrii 43 hadi 48, mara nyingi ilikuja na seti ya ayani na ina shafti yao. Iache ilivyo. Kazi yetu ni zile zinazofuata: ya digrii 50 hadi 52 inayoziba pengo, ya mchanga ya 54 hadi 56, na ile ya kuinua ya 58 hadi 60.

Hatua ya pili: zielewe herufi, lakini usiziamini kupita kiasi

Herufi ni L, A, R, S na X, kutoka laini kwenda ngumu. A ndiyo ya wenye swingi ya polepole waliozidi kidogo L, na kampuni nyingine huiita M. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Herufi inakusaidia ndani ya familia moja ya shafti, na hapo tu ndipo kulinganisha kuna maana.

Namba zilizo pembeni ya herufi nazo huwachanganya watu. Kwenye Dynamic Gold, S200, S300 na S400 zote ni S. Namba inaonyesha uzito unavyopanda kwa gramu chache. Anayeamini S400 ni ngumu mara mbili ya S200 amesoma gramu akadhani ni ugumu.

Halafu kuna hilo neno "Wedge". Halijulishi daraja la ugumu, kwa sababu kila mtengenezaji analitumia apendavyo. Kwa kawaida shafti hizo hukaribia S, wakati mwingine laini kidogo kuliko S ya ayani, na huwa nzito. Mwenye swingi ya wastani anayepiga ayani za R akichukua weji yenye neno hilo, amepanda daraja la ugumu na la uzito kwa mara moja. Jina zuri, ila halijamfaa.

Kupata mahali pa kuanzia, tazama umbali ambao ayani ya 7 inaruka hewani kabla ya kugusa chini. Chini ya yadi 130, anzia A au L. Kati ya 130 na 150, R. Kati ya 150 na 170, S. Zaidi ya hapo, S nzito au X. Ni makadirio ya kuanzia mazungumzo, na yanavunjika haraka kwa mtu anayeshusha fimbo kwa mshtuko. Wachezaji wawili wanaweza kufikisha mpira yadi 150, mmoja akivuta taratibu kama anamwaga maji, mwingine akikata kuni. Wa pili anahitaji shafti ngumu zaidi hata kama umbali wao ni sawa.

Hatua ya tatu: chagua uzito kabla ya ugumu

Kanuni ninayoifuata ni rahisi: shafti ya weji iwe na uzito sawa na ya ayani, au izidi kwa gramu 5 hadi 15. Isiwe nyepesi kuliko ya ayani hata siku moja. Weji nyepesi kuliko ayani ya 9 hufanya mikono ikimbie mbele ya mwili, na kwenye mpigo mfupi hilo huzaa mpira unaogongwa kiunoni badala ya chini yake, ukaruka grini nzima.

Kwa mfano, mwenye ayani za chuma za gramu 95 atafute shafti ya weji ya gramu 100 hadi 110. Zipo: Dynamic Gold ina matoleo mepesi ya 105 na 115, na Nippon ina Modus3 ya 105, 115 na 125. Mwenye grafaiti ya gramu 65 aangalie grafaiti za weji za gramu 70 hadi 80, au shafti zilezile za ayani zikatwe kwa urefu wa weji. Mwenye ayani za gramu 130 hana la kuhangaika, madukani karibu kila weji imetengenezwa kwa ajili yake.

Kuna wanaobisha kwamba weji nzito hutuliza mikono, na wana hoja. Uzito wa ziada husaidia mwendo usiharakishwe, hasa kwenye chipu, ule mpigo mdogo wa pembeni ya grini. Lakini kuna njia nyingine ya kuupata: kichwa. Fundi hupima mizani ya fimbo, yaani jinsi kichwa kinavyohisi kizito mikononi, kwa kipimo cha herufi na namba, ayani nyingi zikiwa D1 hadi D2 na weji D3 hadi D5. Gramu 2 hivi kwenye kichwa hupandisha alama moja. Mkanda mdogo wa madini ya risasi nyuma ya kichwa unakupa kichwa kizito bila kuburuta gramu 40 za ziada kwenye shafti nzima. Uondoe, uurudishe, ujaribu tena. Ni jaribio la bei nafuu kuliko yote kwenye gofu.

Jambo moja kuhusu maumivu. Ukiwa na kiwiko au kifundo cha mkono kinachouma, usiende kwenye chuma kizito kwa sababu tu umeambiwa weji lazima iwe ya chuma. Weji hugonga ardhi kuliko fimbo zote, na grafaiti hupunguza mtikisiko unaopanda mikononi. Zamani grafaiti za weji zilikuwa na sifa mbaya ya kuyumba. Siku hizi zipo za gramu 95 na 110 zinazotulia vizuri.

Hatua ya nne: igawe kazi kabla ya kuigawa shafti

Kila weji jiulize: naipiga kwa swingi kamili mara ngapi? Jibu ndilo linaloamua ugumu.

Ya digrii 50 au 52 ni ndugu wa ayani. Wengi huipiga kamili kutoka yadi 90 au 110. Ipe shafti ileile ya ayani zako, ugumu uleule, uzito uleule. Ukiifanya laini, mpigo kamili wenye nguvu kidogo utapanda na kuvutika kushoto, kwa anayecheza mkono wa kulia, na pengo la umbali kati yake na pichingi weji halitakaa sawa.

Ya digrii 58 au 60 ni kinyume chake. Kazi yake ni robo na nusu swingi, mipira ya kuinuliwa juu ya kizuizi, mchanga, chipu pembeni ya grini. Hapo shafti laini kwa nusu daraja inaleta faida moja: kwenye mwendo wa taratibu unahisi kichwa kiko wapi. Shafti ngumu mno kwenye mpigo wa yadi 30 ni mfu, haisemi kitu mikononi, na mchezaji huanza kuongeza nguvu kutafuta hisia.

Ya digrii 54 au 56 iko katikati na inategemea wewe. Ukiipiga kamili mara nyingi, ifuate ya 50. Ukiitumia zaidi kwenye mchanga na chipu, ifuate ya 60. Kwenye mchanga wenyewe, shafti ina sehemu ndogo sana. Gene Sarazen alipounda weji ya mchanga ya kisasa na kushinda nayo mashindano ya The Open mwaka 1932, siri ilikuwa kwenye tako la kichwa lililonenepeshwa ili liteleze badala ya kuzama. Ukizama mchangani, tazama tako kabla ya kuilaumu shafti.

Mpangilio huu unaonekana hata juu kabisa. Tiger Woods kwa miaka mingi ametumia Dynamic Gold X100 kwenye ayani na S400 kwenye weji: laini kwa daraja moja, na nzito kwa gramu chache. Usinakili shafti zake, zitakuvunja mgongo. Nakili mwelekeo.

Mafundi wana njia ya kupata nusu daraja bila kubadili jina la shafti. Shafti za chuma zenye vipandio (ngazi ndogo kwenye mwili wake) hutengenezwa kila moja kwa namba ya ayani yake. Fundi akichukua ile ya ayani ya 8 na kuifunga kwenye weji, kisha akaikata juu kufikia urefu, inakuwa laini kidogo kuliko ile iliyokusudiwa. Kila hatua ya namba moja hukadiriwa kuwa theluthi ya daraja. Kwa mchezaji wa S anayetaka weji ya 60 yenye hisia zaidi, hiyo ndiyo ningemwomba fundi kwanza, kabla ya kununua shafti ya R.

Hatua ya tano: ijaribu, na uanze na mipigo mifupi

Watu wengi hujaribu weji kwa kuipiga kwa nguvu zote, mpira baada ya mpira, wakitazama umbali. Hapo umejaribu kitu usichokifanya uwanjani. Anza na nusu swingi.

Tumia mipira unayochezea, usitumie ya uwanja wa mazoezi, kwa sababu ganda lake gumu hubadilisha urefu na spini. Weka taulo au kikapu kwenye yadi 40. Piga mipira 10 kwa kila fimbo, mkono wa mbele ukiishia sambamba na ardhi, na angalia inapotua. Kuviringika baada ya hapo ni habari ya ardhi. Unatafuta kitu kimoja: je, inatua karibukaribu, au mmoja yadi 34, mwingine 46? Fimbo inayotua ndani ya duara dogo inashinda, hata kama nyingine iliruka vizuri zaidi mara moja.

Kisha robo tatu. Kisha kamili, mipira michache tu, kuhakikisha haiharibiki ukiongeza nguvu. Badilisha fimbo kila baada ya mipira mitano ili mwili usizoee moja. Mwombe mtu akupe fimbo bila kukuonyesha lebo ikiwezekana. Herufi X ikionekana, wanaume wengi hupata nguvu za ghafla.

Bandika kipande cha mkanda wa alama usoni, au nyunyiza unga mweupe wa miguu, uone mpira unagusa wapi. Alama zikitawanyika kuelekea kisigino na ncha, kichwa kinakupotea, mara nyingi kwa sababu shafti ni nyepesi au laini mno kwako. Alama zikikusanyika lakini mpira unatoka chini, unaelekea kulia na mkono unahisi mgongano mkavu, huenda shafti ni ngumu mno. Mpira ukipanda kuliko ulivyotaka na kuvutika kushoto kila ukiongeza kasi, ni laini mno. Narudia neno "huenda", kwa sababu pembe ya kichwa na ardhi nayo hupeleka mpira kushoto au kulia, na kwenye fimbo yenye lofti kubwa huupeleka zaidi. Kabla ya kuitoa shafti, fundi aikague pembe hiyo. Kuinyoosha ni kazi ya dakika chache.

Ukipata mashine ya rada au kamera, tazama urefu wa kuondoka kwa mpira na umbali wa hewani kwa nusu swingi. Namba za kasi ya juu kabisa zipuuze.

Hatua ya sita: unapokwenda kwa fundi

Mpe orodha uliyoandika hatua ya kwanza, na matokeo ya kutua. Kisha mambo haya yawe wazi kabla hajakata chochote.

Kwanza kipenyo cha tundu la kichwa. Yapo ya 0.355 ya inchi, yanayopokea shafti iliyochongoka mwishoni, na ya 0.370, yanayopokea iliyonyooka. Shafti iliyochongoka haikatwi chini, hukatwa juu tu. Iliyonyooka ikikatwa chini inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo muulize atakata wapi na kwa nini.

Urefu nao ni ugumu uliojificha. Kufupisha fimbo kwa nusu inchi huifanya ihisi ngumu kidogo na hushusha mizani kwa alama tatu hivi. Mtu aliyelalamika kwamba weji yake mpya ni nyepesi kichwani mara nyingi ana fimbo iliyokatwa bila kuongezewa uzito. Gripu pia: nzito kwa gramu 4 au 5 hushusha alama moja. Ukibadilisha gripu nene kwenye weji peke yake, umebadilisha hisia ya shafti bila kuigusa.

Usibadilishe zote kwa mpigo. Anza na ile ya mchanga, icheze raundi kadhaa, ujue inavyokaa kwenye majani marefu, kwenye mteremko, asubuhi kukiwa na umande. Ikikubali, ndipo ya 60 ifuate kwa shafti ileile au laini kidogo. Ya 50 iwe ya mwisho, na mara nyingi jibu lake tayari liko kwenye ayani zako. Siku utakapobadilisha ayani kwenda shafti nyepesi zaidi, rudi kwenye orodha na uzipime weji upya kabla ya kucheza nazo.